Shamba Hili Thamani Yake Ni Nini?

Katika mambo yanayovunja udugu upesi, ni machache yanayoshinda nyumba, kiwanja na shamba. Ng'ombe akifa, ugomvi wake hufa naye. Na fedha zikitumika, hapana tena cha kugombaniwa. Lakini ardhi haifi wala haitumiki ikaisha, na kwa hivyo ugomvi wake hurithiwa na watoto na wajukuu. Na ukiuchimba ugomvi huo hadi chini, mara nyingi utakuta ya kwamba mmoja alitaja bei na mwingine akaikubali, wala hapakuwa na aliyeitafuta thamani.

Mimi ni mzaliwa wa pwani, nimesomeshwa chuoni na masheikh wa pwani, na sasa umri wangu umepita miaka 60. Kazi ya kusomesha ndiyo iliyonileta Bukundi, kata iliyomo katika wilaya ya Meatu, mkoa wa Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Hii ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba, mtama na ng'ombe. Kazi yangu ni kuwafundisha watoto Kurani. Lakini mwalimu wa kijijini huitwa pia kushuhudia mikataba na kugawa mirathi. Kwa njia hiyo nimekaa vikao vingi vya kununua na kuuza. Na jamaa zangu wa Tanga na Mombasa nao hawaachi kunipigia simu: "Maalim, tunasikia huko bara ardhi ni rahisi. Je, tununue?" Basi nimeona niwajibu wote mahali pamoja, na wewe msomaji uwe shahidi.

Neno la kwanza ninalowaambia ni hili: rahisi kwa nani, na katika mwezi gani? Huku mvua huanza mwezi wa Novemba, na pamba huvunwa kuanzia Mei. Baina ya Januari na Machi ghala nyingi huwa tupu. Mtu ajaye na fedha mkononi katika miezi hiyo ataonyeshwa mashamba mengi, na ataambiwa bei itakayomfurahisha. Lakini bei hiyo si thamani ya shamba. Ni kipimo cha njaa ya mwenye shamba. Mwuzaji yule yule, baada ya kuuza pamba yake, hatakubali hata nusu juu ya bei ile. Kwa hivyo anayetaka kujua thamani ya mali na aulize hivi: mwenye mali asiye na shida, na mnunuzi asiye na pupa, wote wawili wakijua hali ya mali, wangekubaliana kwa kiasi gani? Kiasi hicho ndicho wathamini wanachokiita bei ya soko, na ndicho mafakihi wetu wanachokiita bei ya mfano. Maneno mawili, maana moja.

La pili, yatupasa tujue ni kitu gani hasa kinachouzwa. Sisi watu wa pwani tulilijua jambo hili zamani. Mombasa mpaka leo kuna nyumba bila ardhi: kuta na paa ni zako, lakini udongo una mwenyewe, nawe unamlipa kodi ya kiwanja. Unguja na Pemba mtu aliweza kuuza mikarafuu au minazi yake na ardhi ikabaki kwa mwingine. Mnunuzi asiyeuliza "nanunua nini?" alijikuta amenunua kivuli.

Katika Tanzania Bara, ardhi yote ni ya umma, nayo imewekwa mikononi mwa Rais awe mdhamini wake kwa niaba ya raia. Anachokuwa nacho mtu ni haki ya kuikalia na kuitumia. Jambo hili lina historia yake. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipotaka kuwafungulia watu njia ya kumiliki ardhi moja kwa moja, Mwalimu Nyerere aliandika kupinga. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi yenyewe ni ya Mungu na hakuna aliyeiumba, lakini jasho ambalo mtu amelitia ndani ya ardhi ni mali yake. Baada ya uhuru, mwaka 1963, milki zile za moja kwa moja zilifutwa. Kwa miaka mingi ikawa kanuni ya serikali kwamba ardhi tupu haina bei, na kinacholipwa ni nyumba, miti na kisima vilivyomo.

Kisha likaja jambo la Operesheni Vijiji. Katika miaka ya 1970 watu walihamishwa kwenda vijijini, wakaacha mahame ya baba zao, na mahame hayo wakapewa wengine. Miaka ikapita, wenye asili wakarudi kudai. Mwaka 1992 ikapitishwa sheria ya kuzifuta haki zao za jadi. Kesi ya mzee mmoja wa mkoa wa Arusha, Lohay Akonaay, na mwanawe ikafika Mahakama ya Rufani, na mwaka 1994 Jaji Mkuu Nyalali na wenzake wakaamua kwamba haki ya jadi juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, wala haiwezi kunyang'anywa bila ya fidia ya haki. Na kwamba hata pale pasipojengwa kitu, ikiwa mtu ametia juhudi yake katika ardhi ile, juhudi hiyo ina malipo. Mwaka 1995 Sera ya Taifa ya Ardhi ikakiri wazi kwamba ardhi ina thamani, na Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, zikalitia neno hilo katika sheria.

Nimeyaeleza haya kwa sababu yanagusa mfuko wako. Shamba la Bukundi ni ardhi ya kijiji. Anayekuuzia anakuuzia haki ya kimila, na haki hiyo haihami kutoka mkono mmoja hadi mwingine bila ya idhini ya halmashauri ya kijiji. Karatasi iliyoandikwa dukani na kutiwa saini na dalali na mashahidi wawili waliopita njiani, bei yake ni bei ya karatasi. Na ndugu zetu wa Mombasa na wa Maskati wasio raia wa Tanzania wajue kwamba sheria hiyo ya 1999 haimpi asiye raia ardhi ila kwa njia ya uwekezaji uliosajiliwa. Kujificha nyuma ya jina la mjomba ni kutafuta ugomvi na mjomba. Kwa hivyo shamba lenye hati na mipaka inayokubaliwa na majirani wote wanne, na shamba lisilo na hati lenye jirani mmoja anayenung'unika, hata kama udongo ni mmoja, thamani zake si moja.

Sasa nije kwenye namna ya kukisia. Wathamini wana njia nyingi, lakini kwa watu kama sisi njia tatu zinatosha, na kila moja inamchunga mwenzake.

Njia ya kwanza ni kulinganisha. Uliza mashamba yaliyouzwa karibuni yaliuzwa kwa bei gani, wala usiulize yanayotangazwa yanatakiwa bei gani. Kisha linganisha kitu na mfano wake. Huku Usukumani udongo una majina. Luseni ni kichanga cha miinuko, chepesi kulimika, kizuri kwa kujenga. Mbuga ni udongo mweusi wa bondeni, wenye rutuba na kushika maji, mzuri kwa pamba na mpunga. Lakini hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua, na nyumba yenye msingi mfupi juu yake hupata nyufa. Basi eka ya mbuga ni ghali kwa mkulima na ni hasara kwa mjenzi. Anayesema "eka ni eka" hajaivaa viatu nchi hii. Tazama pia maji yako umbali gani, njia inapitika masika, na kama tembo wanafika, kwani wilaya yetu inapakana na mapori ya wanyama na wakulima wengine hulima wakavunia tembo. Kwa hivyo liangalie shamba mara mbili: mara moja katika ukame, na mara moja mvua inaponyesha.

Njia ya pili ni gharama. Nyumba hii, kama ingejengwa leo kwa matofali ya kuchoma na bati, ingegharimu kiasi gani? Kisha punguza kwa uchakavu wake, uongeze bei ya kiwanja. Njia hii inafaa kwa msikiti, chuo, au nyumba isiyo na mfano wake kijijini. Lakini tahadhari: gharama si thamani siku zote. Aliyejenga ghorofa mahali pasipo na wapangaji ametumia fedha nyingi, na mnunuzi hana wajibu wa kumrudishia.

Njia ya tatu ni pato, na hii ndiyo njia ya mwekezaji hasa. Mali ya kuwekeza ni kama ng'ombe wa maziwa: tunauliza anatoa maziwa kiasi gani baada ya kulishwa. Kodi ya mwaka itolewe miezi ambayo chumba hukaa bila mpangaji, itolewe matengenezo, itolewe kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kwa njia ya umeme. Kinachobaki ndicho pato safi. Kisha tazama nyumba nyingine za pale pale ziliuzwa kwa pato la miaka mingapi, uzidishe.

Watu wa mjini wengi, wanapotafuta idadi hiyo ya miaka, hutazama riba ya benki. Muislamu hana haja ya kupitia mlango huo. Kipimo chake ni mali za halali zilizo jirani: nyumba zenyewe zilizouzwa, au mashamba yanayokodishwa. Kipimo hicho ni safi kwa dini, na kwa hesabu ni bora zaidi, kwa sababu kimetoka mahali pale pale mali ilipo.

Ndugu msomaji, pengine utasema haya ni mambo ya wenye fedha, nami maskini yanihusu nini? Sikiliza kisa kilichotokea hapa kwetu. Hesabu nimezigeuza ili wenyewe wasitambulikane, lakini uwiano wake ni ule ule.

Alifariki mtu mmoja akaacha mjane, watoto wawili wanaume na mmoja mwanamke, wote wadogo. Wazazi wake walikwisha kutangulia. Aliacha eka 12 za shamba na nyumba ya barabarani yenye vyumba viwili vya duka vilivyopangishwa. Ndugu wa marehemu akaja kwa upole, akasema mbele ya wazee: "Mali hii marehemu aliinunua kwa shilingi 4,000,000, na mimi niliona kwa macho yangu. Nitaitoa fedha hiyo yote, wagawiwe yatima, na mali ibaki katika ukoo." Wazee wakamsifu. Na kwa kweli maneno yake yalikuwa mazuri kusikiza. Mjane naye alikuwa tayari kukubali, maana ada za shule zilikuwa zinadaiwa.

Nikaomba siku saba, tukafanya hesabu. Kila chumba kilipangishwa shilingi 50,000 kwa mwezi, yaani 1,200,000 kwa mwaka kwa vyote viwili. Tukatoa miezi miwili ya kukosa wapangaji, ikabaki 1,000,000. Tukatoa matengenezo na kodi 200,000, pato safi likawa 800,000. Nyumba ya jirani, yenye pato safi la 600,000, iliuzwa mwaka uliotangulia kwa 7,500,000, yaani pato la miaka 12 na nusu. Basi nyumba ya yatima thamani yake ni 10,000,000. Katika shamba, eka 8 zilikuwa mbuga, na mbuga ya jirani iliuzwa 600,000 kwa eka: hizo ni 4,800,000. Eka 4 zilikuwa luseni, na luseni ilikwenda 300,000: hizo ni 1,200,000. Jumla ya mali yote ni shilingi 16,000,000.

Sasa tazama fungu la kila mmoja. Mjane ana thumuni, na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Kwa bei ya ami yao, mjane angepata 500,000, kila mtoto wa kiume 1,400,000, na binti 700,000. Kwa thamani ya kweli mjane ana 2,000,000, kila mtoto wa kiume 5,600,000, na binti 2,800,000. Na ami, ambaye kwa kuwepo watoto wa kiume hana fungu katika mirathi ile, angerudisha fedha zake zote kwa kodi ya vyumba viwili tu katika miaka 5, na shamba la eka 12 likawa la bure.

Hesabu ilipowekwa mbele ya kikao, yule bwana aliniambia: "Shekhe, mimi ndiye niliyemchangia marehemu akanunua." Nikamwambia: "Mwanangu, ikiwa ulimkopesha, hiyo ni deni, na deni hutangulia kabla ya urithi. Leta mashahidi, ulipwe shilingi yako kamili. Lakini deni halilipwi kwa kupunguza bei ya mali ya yatima." Akanyamaza. Mashahidi hakuwa nao, na baada ya siku chache akasema mwenyewe ya kwamba ulikuwa ni msaada wa ndugu kwa ndugu.

Hata hivyo, kujua thamani hakukutulazimisha kuuza. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, msimamizi hauzi nyumba wala shamba la yatima ila kwa haja ya lazima au faida iliyo wazi. Mahakama ya Mwanzo ilimteua mjane pamoja na mzee mmoja kuwa wasimamizi wa mirathi. Vyumba havikuuzwa, kodi yake ndiyo inayowalisha na kuwasomesha. Mbuga alikodishwa yule yule ami yao, kwa kodi ya kila msimu kama wanavyolipa watu wengine, na kila akivuna huwaletea yatima gunia la mpunga juu ya kodi. Udugu haukuvunjika. Nami naamini kama ile bei ya kwanza ingepita, yangekuwa masikilizano ya miaka 10, kisha wale watoto wangekua, wangejifunza hesabu, na wangeijua.

Ukisikia basi kwamba kukisia thamani ni elimu ya kidunia, mjibu msemaji kwamba mirathi haigawiki bila ya elimu hiyo, wala zaka haitoki. Aliyenunua kiwanja kwa nia ya kukiuza ni mfanyabiashara, na kiwanja chake ni bidhaa. Mwaka ukitimia hukisia bei yake ya siku ile, si bei aliyonunulia. Ikiwa alinunua kwa 4,000,000 na leo kinafika 6,000,000, na nisabu imetimia, zaka yake ni 150,000, sehemu moja katika 40. Ama mwenye nyumba ya kupangisha, zaka haimo katika thamani ya nyumba, imo katika kodi aliyoiweka akiba ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka. Mtu akipunguza thamani siku ya zaka na kuizidisha siku ya kuuza, huyo ana mizani mbili, na wenye mizani mbili wametajwa katika Kurani kwa onyo kali.

Na wewe unayeuza, usimfiche mnunuzi aibu ya mali. Mwambie kwamba bonde lile hujaa maji, mwambie kwamba jirani wa kaskazini ana dai. Wala msimtume mtu asiyetaka kununua apandishe bei mbele ya mgeni, hiyo ndiyo najashi, na Mtume (s.a.w.) ameikataza. Mdaiwa aliyeoa asiuze nyumba ya familia kwa siri, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzake. Na mnunuzi asinunue uvumi. Huku kwetu daraja la mto Sibiti limeiunganisha Meatu na Mkalama ya Singida, na tangu hapo kila dalali ana barabara yake mfukoni, na kila kiwanja "kitapitiwa na lami mwakani". Barabara iliyokwisha kujengwa ina thamani. Iliyomo mdomoni mwa dalali ilipiwe siku itakapotoka mdomoni. Ikiwa mali ni kubwa, au shauri limefika mahakamani, mtafuteni mthamini aliyesajiliwa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2016. Ada yake ni ndogo ukiipima na hasara ya kukisia gizani.

Jamaa zangu wa pwani, mmeniuliza kama mnunue. Jibu langu: njooni, lakini msije Februari. Njooni baada ya mavuno, wakati mwenye shamba ana chakula ndani na anaweza kuwaambia hapana. Akiuza katika hali hiyo, mtakuwa mmenunua kwa radhi yake, na mtoto wake akipita karibu na ua wenu atawatolea salamu.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, na atulinde na mali ya yatima. Amin.